Mgeni wa Kibrazil kwenye makaburi ya Tengeru

Swali limetoka kwa msomaji wa Usa River, mkoani Arusha:

"Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita nilimsindikiza mgeni kutoka Brazil kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Ana jina la ukoo la Kipolandi, na aliniambia kwamba kwao Paraná watu kama yeye ni wengi na wanaitwa *polaco*. Lakini Kipolandi chenyewe hakijui, isipokuwa majina ya vyakula na sala moja aliyofundishwa na bibi yake. Alisimama mbele ya yale makaburi muda mrefu, akalia. Je, hao wa Brazil nao walikuwa wakimbizi wa vita kama hawa wa kwetu? Lugha yao ilipoteaje, na kwa nini bado wanajiita Wapolandi? Na je, waliolala Tengeru wanaweza kuwa ndugu zake?"

Marahaba, mwanangu. Swali la mwisho ndilo lililonifanya nikae kitako nikuandikie kwa kirefu, lakini halijibiki kabla ya hayo mengine. Tuanze na la wakimbizi.

Wapolandi wa Tengeru waliletwa na vita. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu kutoka mashariki ya Poland hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakapitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wakiwa akina mama na watoto, wakafikishwa Afrika Mashariki. Tengeru peke yake ilikuwa na watu karibu 5,000. Hakuna aliyeichagua Meru. Vita ilipokwisha wengi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia, wakabaki wachache, pamoja na makaburi uliyoyaona.

Wale wa Brazil waliwatangulia kwa zaidi ya miaka 70, na walikwenda kwa hiari yao, ikiwa hiari ni neno la kumsemea mtu ambaye shamba lake halimtoshi kula. Hawakukimbia risasi. Walifuata ardhi.

Kumbuka kwamba kuanzia 1795 hadi 1918 hakukuwa na nchi iliyoitwa Poland. Prussia (dola ya Wajerumani), Urusi na Austria zilikuwa zimeigawana. Upande wa Prussia, mtoto alifundishwa kwa Kijerumani na lugha ya mama yake ikasukumwa nje ya darasa. Upande wa Urusi kulikuwa na mkono mzito wa Tsar, mfalme wa Urusi, na utumishi mrefu wa jeshi. Upande wa Austria, katika jimbo la Galicia, watu waliruhusiwa kusema lugha yao, ila ardhi ilikwisha. Baba mwenye hekta 4 akiwagawia wana wanne, kila mmoja anabaki na kipande kisichoweza kulisha familia. Mwishoni mwa karne ya 19 mashamba mengi ya wakulima wa Galicia hayakufika hekta 5. Sasa mtu wa namna hiyo anasikia kwamba ng'ambo ya bahari serikali inatoa kiwanja cha karibu hekta 25 kwa kila familia, kwa mkopo, na nauli ya meli inalipwa. Wewe ungefanyaje?

Waliotangulia walifika 1869. Familia 16 kutoka Siołkowice, kijiji cha Silesia kilichokuwa chini ya Prussia, zilishuka Santa Catarina, kusini mwa Brazil, zikapelekwa Brusque. Brusque yalikuwa makazi ya Wajerumani. Yaani walivuka bahari kuikimbia serikali ya Wajerumani, wakajikuta majirani zao ni Wajerumani, na tena kwenye joto wasilolijua. Mwenzao mmoja, Sebastian Woś Saporski, aliyekuwa na elimu na mdomo wa kuzungumza na wakubwa, ndiye aliyewaombea ruhusa ya kuhama. Mwaka 1871 familia 32, wao na wenzao waliowafuata, zilihamia Curitiba, mji mkuu wa jimbo la Paraná, ulioko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi na jalidi, viazi vinakubali, kabichi inakubali. Wakakaa Pilarzinho. Muda si mrefu yakafuata makazi mengine kuuzunguka mji: Abranches, Santa Cândida, Orleans, Tomás Coelho.

Hao walikuwa maelfu machache. Makumi ya maelfu walikuja baadaye, katika kile ambacho Wapolandi wenyewe wamekiita homa ya Brazil. Wimbi la kwanza lilikuwa la 1890 na 1891, hasa kutoka upande wa Urusi. La pili lilianza 1895, kutoka Galicia. Vijiji vizima viliuza ng'ombe, vyombo, hata mito ya kulalia. Zilivuma hadithi za ajabu: kwamba Paraná ilikuwa imefichwa na ukungu tangu dunia iumbwe, mpaka Mama wa Mungu alipouondoa kwa kuwahurumia Wapolandi, kwamba Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria aliyefariki 1889, kumbe hakufa, anatawala Brazil na anawaita maskini wake. Wasomi wa Warsaw waliwacheka. Mimi siwezi kuwacheka. Mtu haamini hadithi kama hiyo kwa sababu ni mjinga. Anaiamini kwa sababu hali yake imefika pabaya kiasi kwamba muujiza ndio unaobaki.

Serikali ya Tsar iliogopa kupoteza watu wake, ikaanza kuzuia barua. Waliofika Brazil waliwaandikia wake, kaka na majirani, wakiwaelekeza njia na vitu vya kubeba, na barua hizo zikaishia mezani kwa wakaguzi. Hazikufika. Zilikaa katika makabati ya serikali Warsaw kwa miongo mitano, nyingi zikaungua katika vita ya 1944, na zilizosalia zikachapishwa Poland 1973. Hebu fikiria mke anayesubiri neno la mumewe, anadhani ameachwa au amekufa, na kumbe neno lipo, limefungwa kamba ofisini. Kwangu mimi, katika historia hii yote, hakuna kinachouma kama barua hizo.

Lakini swali ambalo Mwafrika lazima aliulize ni hili: kwa nini Brazil iliwalipia nauli wakulima wa Ulaya? Brazil ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, nchi ya mwisho katika bara la Amerika kufanya hivyo. Watu weusi waliotoka utumwani hawakupewa ardhi wala fidia. Miaka miwili baadaye, Juni 1890, ikatoka amri namba 528: milango ya nchi iko wazi kwa kila mwenye nguvu ya kufanya kazi, isipokuwa wenyeji wa Asia na Afrika, ambao wasingeingia bila idhini ya bunge. Wakubwa wa nchi walitaka kuifanya Brazil iwe nyeupe, na walisema hivyo bila kuficha. Mkulima wa Galicia hakuitunga amri hiyo, na huenda hakuwahi kuisikia. Ila hekta zake 25 zilitokana nayo. Ukisimulia habari za Wapolandi wa Brazil ukaiacha amri hiyo nje, umesimulia nusu.

Na ardhi yenyewe haikuwa tupu. Misitu ile ilikuwa ya Wakaingang na Waxokleng, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwenye mpaka wa Paraná na Santa Catarina, eneo la Lucena ambalo leo linaitwa Itaiópolis, walowezi na Waxokleng waliuana, na wawindaji wa kukodiwa walitumwa msituni kuwamaliza wenyeji. Waliokufa zaidi walikuwa wenyeji. Wajukuu wa walowezi hawana budi kuyabeba hayo pamoja na nyimbo za babu zao.

Safari nayo haikuwa ya ahadi walizopewa. Meli kutoka Bremen au Hamburg, kisha kituo cha wahamiaji kwenye kisiwa cha Ilha das Flores katika ghuba ya Rio de Janeiro, kisha meli nyingine hadi bandari ya Paranaguá, kisha treni ya kupanda milima hadi Curitiba. Reli hiyo, iliyofunguliwa 1885, michoro yake ya awali ilitokana na kazi ya Antônio Rebouças, mhandisi mweusi, na nduguye André. Watu wachache waliopanda ile treni walijua hilo. Kutoka Curitiba ni mikokoteni, halafu miguu, halafu mabanda ya kusubiria kupimiwa viwanja. Huko Cruz Machado, 1911, maradhi ya mlipuko yaliua wageni wengi wakiwa bado mabandani, hawajaona hata mti mmoja wa shamba lao.

Walionusurika walifundishwa kuishi na watu waliokuwepo, wakulima wa msituni waitwao *caboclo*, wenye damu iliyochanganyika ya wenyeji, Wareno na Waafrika. Hao ndio waliowaonyesha kufyeka na kuchoma, kupanda mahindi na maharage meusi, kuvuna majani ya *erva-mate* na kuyanywa kwa mrija wa chuma kutoka kwenye kibuyu. Waliwaingiza pia katika utaratibu uitwao *faxinal*: msitu ni wa wote, nguruwe na ng'ombe wa kijiji kizima wanazurura humo, na uzio unazungushiwa mazao badala ya mifugo. Baadhi ya *faxinal* bado zipo Paraná hadi leo, na ndani yake utakuta majina ya Kipolandi na ya Kiukraine, maana Waukraine wa Galicia nao walikuja kwa meli zilezile.

Kipolandi chao kikaanza kubadilika. Maharage yakawa *fiżon*, kutoka *feijão* ya Kireno. Duka likawa *wenda*. Msonobari mkubwa wa Paraná, ule wenye matawi juu kama mwavuli uliopinduliwa, ukawa *pinior*. Mswahili hana haja ya kushangaa: sisi nasi kwa Mreno tulichukua meza, tukachukua na bendera.

Hilo la bendera lina uchungu wake. Tusi walilotupiwa Wapolandi mitaani Paraná lilikuwa *polaco sem bandeira*, Mpolandi asiye na bendera, kwa sababu hawakuwa na nchi. Lilikuwepo na lingine zito zaidi: *polaco é o preto do avesso*, yaani Mpolandi ni mtu mweusi aliyegeuzwa ndani nje. Tusi hilo linawatukana wawili kwa pumzi moja. Linakuonyesha jinsi walivyotazamwa: mlangoni waliingizwa kwa sababu ya ngozi, na ndani wakawekwa karibu na waliozuiwa, kwa sababu walikuwa wakulima, maskini, wasiojua Kireno, mabinti zao wakifanya kazi za ndani mjini. Huko Rio neno *polaca* likawa na maana ya kahaba, baada ya magenge kuwasafirisha wasichana wa Ulaya Mashariki, wengi wao Wayahudi, na kuwauza. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1920 viongozi wa jumuiya walisisitiza neno lingine, *polonês*. Mgeni wako kujiita *polaco* mwenyewe, tena kwa fahari, maana yake ni kwamba kizazi chake kimeliokota tusi na kulifuta vumbi. Mshairi mkubwa wa Curitiba, Paulo Leminski, aliyefariki 1989, baba yake alikuwa wa asili ya Kipolandi na mama yake wa asili ya Kiafrika. Katika mtu mmoja lile tusi lilikosa pa kushika.

Sasa lugha. Watu hudhani lugha za wahamiaji hufa zenyewe, polepole, kwa uvivu wa watoto. Hii haikufa hivyo. Wapolandi wa Paraná walijenga shule kwa mikono yao. Ya kwanza ilikuwa Orleans, 1876, mwalimu akiwa Hieronim Durski, ambaye baadaye aliandika kitabu cha kusomea chenye Kipolandi na Kireno kwa pamoja. Mwaka 1892 likaanzishwa Curitiba gazeti la kwanza la Kipolandi nchini humo. Kufikia 1937 shule za Wapolandi katika Brazil nzima zilizidi 300. Nyingi zilikuwa chumba kimoja cha mbao, mwalimu akilipwa kwa mahindi na kuni, lakini zilikuwepo, na mtoto angeweza kumaliza utoto wake mzima bila kuhitaji Kireno isipokuwa dukani.

Kisha akaja Getúlio Vargas, rais wa Brazil. Utawala wake wa kidikteta, uliotangazwa Novemba 1937, ulitaka taifa moja na lugha moja. Mwaka 1938 ufundishaji kwa lugha za kigeni ulipigwa marufuku. Shule zikafungwa au zikageuzwa za serikali, na miaka michache baadaye magazeti yakazimwa. Vita ilipopamba moto, kusema lugha ngeni hadharani kulikuwa ni kujitafutia polisi. Waliolengwa hasa walikuwa Wajerumani, Waitaliano na Wajapani, lakini askari wa kijijini hakuwa na sikio la kutofautisha Kipolandi na Kijerumani. Wazazi wakaogopa. Watoto wa miaka ile walikua wakiambiwa "nyamaza" kila walipofungua mdomo barabarani, na walipokuja kuwa wazazi nao, hawakuwafundisha watoto wao kitu kilichowaletea aibu. Bibi wa mgeni wako, kwa hesabu yangu ya haraka, ni mtoto wa miaka hiyo au wa baada yake kidogo. Ile sala moja aliyompa mjukuu wake ilipita chini ya mlango uliofungwa.

Kilichobaki kilikimbilia mahali ambapo polisi haingii: jikoni, kanisani, na katika ujenzi. Curitiba kuna bustani ya miti iitwayo kwa jina la Papa Yohane Paulo II, iliyoanzishwa baada ya ziara yake ya 1980, na ndani yake zimehamishiwa nyumba saba za walowezi, gogo kwa gogo. Ukikaribia mojawapo, tazama pembeni, pale kuta mbili zinapokutana. Magogo ya ule msonobari yamechongwa kwa shoka hadi kuwa bapa, ncha zikakatwa meno, jino likaingia kwenye jino, bila msumari hata mmoja. Pitisha kidole na utasikia makovu ya shoka. Ufundi ni wa vijiji vya Poland, mti ni wa Brazil, na nyumba ya namna hiyo hasa haikuwepo kwa wote wawili kabla. Ndani kuna pipa la kuchachushia kabichi. Moja ya nyumba hizo ni kikanisa chenye sura ya Mama wa Mungu wa Częstochowa, ambaye uso wake ni mweusi.

Hapo ndipo, Jumamosi Kuu kila mwaka, watu huleta vikapu vibarikiwe: mkate, soseji, chumvi, mayai yaliyochorwa. Wengi wa wanaobeba vikapu hawawezi kuunga sentensi ya Kipolandi. Mkesha wa Krismasi familia huvunjiana mkate mwembamba kama hostia, na hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane. Poland, Desemba, nyota hutoka saa kumi jioni. Paraná ni kiangazi, jua linachelewa, na watoto wanakodolea macho mbingu huku harufu ya chakula inawaua. Wangeweza kuifuta kanuni hiyo. Hawakuifuta.

Wako wangapi leo? Sensa ya Brazil haiulizi hilo, na makadirio yanayotajwa ni kati ya milioni moja na nusu na milioni tatu, ilhali waliovuka bahari kabla ya 1914 walikuwa kama laki moja tu. Kuna vijiji ambako wazee bado wanaongea. Mji mdogo wa Áurea, huko Rio Grande do Sul, umekipa Kipolandi hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kireno. Na mpira umerudisha wachache. Kama uliangalia Kombe la Dunia la 2018, Senegal ilipoifunga Poland 2-1, bao la kwanza lilimgonga beki Thiago Cionek likaingia. Cionek ni mzaliwa wa Curitiba, mjukuu wa hadithi hii hii, aliyevuka bahari kwa upande wa pili akaichezea nchi ambayo waliomtangulia waliiacha haina bendera.

Basi tufike kwenye machozi ya mgeni wako. Kwa haraka mtu angejibu hapana: hawa walikwenda Brazil enzi za Tsar na Kaisari, wale waliletwa Tengeru wakati wa Hitler na Stalin, hawahusiani. Mimi sijibu hivyo, na sababu ni ramani. Wengi wa waliokwenda Paraná kuanzia 1895 walitoka mashariki ya Galicia, pande za Lwów na Tarnopol, miji ambayo leo iko Ukraine. Ndugu zao waliobaki waliendelea kulima palepale, wakawa raia wa Poland ilipozaliwa upya 1918. Na maeneo hayohayo ndiyo yaliyovamiwa na Wasovieti Septemba 1939, na humo ndimo familia nyingi zilikochukuliwa 1940 kwenda Siberia. Katika nyumba moja, kaka mkubwa angeweza kupanda meli ya Brazil 1895, na mjukuu wa mdogo wake akafikishwa Tengeru 1942. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mgeni wako. Nasema inawezekana, na inaweza kuchunguzwa.

Kama bado mnaandikiana, usimwulize jina la ukoo. Majina ya Kipolandi yanajirudia kama Juma na Saidi kwetu. Mwulize kijiji. Hati za ndoa za parokia za Paraná mara nyingi ziliandika bwana na bibi arusi wamezaliwa wapi, na mapadri wa kule wamezitunza. Akishalipata jina hilo, litafute lilikuwa wilaya gani kabla ya 1939, kisha nenda tena makaburini na daftari, unakili majina na miaka yote kama yalivyochongwa, pamoja na vile vialama vidogo juu na chini ya herufi, maana vinabadilisha jina. Ukimaliza niandikie, tuanze kulinganisha.